Kwenye Theluji, ABS Hutegemea Tairi

Kila majira ya baridi wahandisi wa magari humiminika Arjeplog, mji mdogo wa kaskazini mwa Sweden, kujaribu breki juu ya maziwa yaliyoganda. Teknolojia ya ABS, ya kuzuia magurudumu kujifunga breki zinapokanyagwa, ambayo Bosch na Mercedes-Benz waliiingiza sokoni mwaka 1978, imenolewa sana huko. Lakini gari lilelile, na breki zilezile, huleta majibu mengine kabisa likibadilishwa matairi tu.

ABS haishiki barabara. Sensa kwenye kila gurudumu huhesabu mizunguko. Gurudumu likitaka kujifunga wakati gari bado linakwenda, kompyuta hulegeza breki yake, huikaza, huilegeza tena, mara kadhaa kwa sekunde moja. Ndiyo sababu pedali inatetemeka. Usiiachie, wala usipampu kama tulivyozoea kwenye magari ya zamani. Faida yake kubwa ni kwamba usukani unaendelea kukutii.

Sasa tupige hesabu. Kwenye lami kavu kipimo cha msuguano ni kama 0.8, na gari la kilomita 50 kwa saa husimama ndani ya mita 12 hivi, tukiacha muda wa dereva kushtuka. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, tuseme kipimo ni 0.2: utahitaji karibu mita 50. Tairi bora likikipandisha hadi 0.3, unasimama kwenye mita 33. Mita hizo zilizookolewa ni za tairi.

Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Wa tairi la baridi hubaki laini, na kashata zake zimechanjwa mikato myembamba mingi. Kashata hujaa theluji, na theluji hiyo hung'ang'ania ile ya barabarani, maana theluji hushikana na theluji. Tairi kipara halina pa kuiweka. Ndiyo maana sheria ya Sweden inadai kashata zenye kina cha angalau milimita 3 wakati wa baridi, si 1.6 kama majira mengine.

Kuna mahali ABS inashindwa. Kwenye theluji laini iliyo nene, gurudumu lililofunga hulimbikiza theluji mbele yake ikawa kabari. ABS hairuhusu kabari hiyo, hivyo gari husimama mbali zaidi. Aliyekanyaga breki kwenye changarawe analijua hilo. Mimi bado naichagua ABS: afadhali gari ninaloweza kulikwepesha.

Nisichokikubali ni kufunga matairi mawili ya baridi mbele tu ili kubana matumizi. Kwenye kona mbele itashika, nyuma itahama, na kompyuta haina pa kutoa mshiko usiokuwepo. Funga manne, ya saizi moja. Kisha tafuta uwanja mtupu, nenda kilomita 20 kwa saa, ukanyage breki taratibu huku ukiongeza. Pedali ikianza kutetemeka, hapo ndipo tairi lako limefika ukingoni.