Sura ya Tano: Wanaotazama

Mtoto akionewa shuleni, swali linalomfikia mapema nyumbani ni hili: kwa nini hukumrudishia? Linamwonea mara ya pili. Dan Olweus, mwanasaikolojia wa Sweden aliyefanya kazi yake kubwa mjini Bergen, Norway, aliutambua uonevu kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwa mara kwa mara, na nguvu zisizolingana. Hilo la tatu ndilo wazazi hulisahau. Mgeni wa kidato cha kwanza anaamriwa afue soksi za mkubwa wa kidato cha nne, na bweni zima linaangalia. Amrudishie na nini? Wanaotoshana nguvu wakigombana, huo ni ugomvi tu. Huyu anaonewa.

Tumwache kwanza, tuliangalie hilo bweni.

Watafiti wa Kanada, wakiwamo Debra Pepler na Wendy Craig, waliwavalisha watoto wa shule za msingi za Toronto maikrofoni ndogo, kisha wakawarekodi kwa kamera wakiwa uwanjani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu, watoto wengine walikuwapo. Walioingilia kati? Asilimia 19 tu ya matukio. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma, tena ndani ya sekunde kumi hivi. Sekunde kumi!

Sababu yake si ngumu. Mwonevu anatafuta cheo mbele ya wenzake, na cheo hutolewa na watazamaji. Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, pamoja na wenzake, walionyesha mwaka 1996 kwamba darasani kuna wasaidizi wa mwonevu, wapo wanaomchekea, wapo wanaojitenga, na wapo watetezi. Anayecheka hajamgusa mtu, ila ndiye anayelipa. Juu ya msingi huo Finland ilijenga mpango wa KiVa, ambao hulifundisha darasa zima badala ya kuhangaika na wawili peke yao.

Kumtetea mwenzako si lazima kupigana. Mwaka 2007, katika shule moja ya sekondari ya Nova Scotia, Kanada, mvulana alidhihakiwa kwa kuvaa fulana ya waridi. David Shepherd na Travis Price, wa darasa la mwisho, walinunua fulana 50 za rangi hiyo wakazigawa kwa wenzao. Si kila shule ina vijana wa namna hiyo, wala haihitajiki hadi fulana. Mwite anayeonewa kwa jina, "Njoo tukale," mwondoke naye. Usicheke. Kisha umwambie mwalimu, hata ukiitwa mnoko.

Hapo ndipo wakubwa huharibu. Mwalimu anayesema "hata sisi tulipitia hayo" amefunga mlango ambao mtoto alichukua wiki nzima kuthubutu kuubisha. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili; kuuita uonevu huo desturi ya shule hakuufanyi halali. Mwalimu asiposikiliza, Kenya na Tanzania zote zina simu ya kuwasaidia watoto, 116, nayo ni bure. Mfundishe mwanao namba hiyo kabla hajafungasha sanduku la bweni.