Mwalimu, Watoto wa Watu na Theluji

Kila likizo ifikapo, walimu wa Ulaya na Marekani huwakusanya wanafunzi wa shule za sekondari wakawatembeze katika nchi za kigeni. Desturi hii ni njema, wala hatuipingi. Kijana aliyeiona nchi ya wenziwe kwa macho yake mwenyewe si rahisi kudanganywa juu ya watu wake. Lakini mzazi amkabidhipo mwalimu mtoto wake pale kituoni, amemkabidhi dhamana kubwa kuliko fedha, na yafaa tukumbushane jinsi dhamana hiyo ilivyopata kupotea.

Mwezi wa Aprili, 1936, mwalimu kijana mwenye umri wa miaka 27, wa shule ya Strand mjini London, aliwachukua wavulana 27 kwenda kutembea kwa miguu katika Msitu Mweusi, kusini mwa Ujerumani. Mkubwa wao alikuwa na miaka 17, mdogo 12. Asubuhi ya tarehe 17 waliondoka mji wa Freiburg, wakikusudia kuuvuka mlima Schauinsland, wenye urefu wa mita 1,284, walale upande wa pili. Theluji ilikwisha anza kuanguka. Wengi wa watoto wale walivaa kaptura.

Hapa twapenda kusimama kidogo. Mwalimu huyu hakukosa wa kumwonya. Mama mmoja katika nyumba ya wageni alimwambia kwamba njia zimefunikwa. Wakata miti aliokutana nao nao walimwonya, na hata mtu wa posta akamshauri asiendelee. Hao wote walikuwa wafanyakazi wa kawaida, ambao riziki yao i katika mlima ule, nao waliujua kama mkulima alijuavyo shamba lake. Bwana mwalimu alikuwa na ramani, akaiamini ramani. Ni mara ngapi tumewaona wasomi wa namna hii, waonao haya kurudi nyuma kwa neno la mpasua kuni! Laiti angaligeuka saa ile, wavulana wangalinung'unika kidogo tu, kisha wangalikunywa chai ya moto mjini.

Hakugeuka. Walipanda mteremko mkali huku theluji ikiwafika magotini na zaidi, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuishiwa nguvu. Jioni, gizani, waliokuwa mbele walisikia kengele ya kanisa la kijiji cha Hofsgrund, wakaifuata sauti hiyo hadi kwenye nyumba za watu. Wanakijiji walipopata habari hawakuuliza hawa ni Waingereza au ni akina nani. Walitwaa taa na magari ya kuteleza juu ya theluji, wakatoka katika tufani ile kuwatafuta waliobaki nyuma, wakawabeba hata majumbani mwao na kuwasugua miili ipate joto. Hata hivyo, watoto watano walikufa.

Sasa tutazame wakubwa walivyofanya. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo majeshi ya Hitler yalikuwa yameingia katika eneo la Rhine kinyume cha mikataba, na mwezi wa Agosti Berlin ilingojea michezo ya Olimpiki. Serikali ile ilikuwa na haja kubwa ya kuonekana rafiki wa Uingereza, nayo ikayaona majeneza matano kuwa nafasi nzuri. Vijana wa Hitler walisimamishwa kulinda majeneza kwa heshima, na mwaka 1938 wakasimamisha mnara wa mawe juu ya kijiji. Wakulima waliotoka usiku ule na taa zao hawakupewa nafasi kubwa katika sherehe hizo.

Huko London uchunguzi ulifanywa, na mwalimu hakutiwa hatiani. Aliendelea na kazi ya ualimu. Lakini baba wa mmoja wa marehemu, mvulana wa miaka 14, hakukubali. Alifunga safari mwenyewe hadi Ujerumani, akawauliza wenyeji waliyoyaona na waliyoyasema siku ile, akayasikia yale maonyo yote yaliyopuuzwa. Akarudi kwao akidai mwalimu ajibu. Hakujibiwa kwa namna ya kumridhisha. Mnara ungali pale mlimani hata leo.