Tutembee, Kisha Tuulizane

Kila msimu wa vuli hapa Minnesota mimi hujitolea kwenye matembezi ya hisani ya kuzuia watu kujiua. Kazi yangu ni kugawa shanga. Anayefika hupewa mkufu, na rangi yake hueleza kilichomleta. Nyeupe huvaliwa na mzazi aliyefiwa na mtoto. Nyekundu ni ya aliyefiwa na mume, mke au mpenzi. Ya dhahabu ni ya aliyefiwa na mzazi, ya chungwa aliyefiwa na ndugu, zambarau aliyefiwa na rafiki au jamaa. Kijani huvaliwa na mtu aliyewahi kupambana na mawazo ya kujiua yeye mwenyewe. Buluu ni ya yeyote anayeunga mkono.

Mimi huvaa ya chungwa. Kaka yangu alijitoa uhai kwetu Voi nikiwa huku ughaibuni. Kwenye simu niliambiwa ameugua ghafla. Ukweli niliupata baadaye kwa binamu yangu, kwa sauti ya chini na kwa sharti kwamba sitamtaja. Mazishi yalifanywa haraka na matanga yakavunjwa mapema. Nawaelewa wazee: walitaka kuikinga familia na midomo ya watu. Lakini watoto wa marehemu walibaki na maswali, na kila waliyemuuliza alibadilisha mazungumzo. Hata mimi shangazi yao nilikosa pa kuanzia.

Ndiyo maana matembezi haya yana uzito kwangu. Huandaliwa na Wakfu wa Marekani wa Kuzuia Kujiua, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na familia zilizofiwa pamoja na wanasayansi. Matembezi ya kwanza yalifanyika mwaka 2002, watu wakitembea usiku kucha hadi wakaingia Washington alfajiri. Baadaye yakaja matembezi mafupi ya mchana ambayo hata bibi mwenye mkongojo na mtoto wa kigari wanayamudu, na leo hufanyika katika mamia ya miji. Hakuna kiingilio. Kila mtu huwaomba jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake wachange walicho nacho, jambo ambalo sisi tuliokulia kwenye harambee hatuhitaji kufundishwa. Michango hiyo hugharimia utafiti, mafunzo shuleni na makazini, na vikao vya kuwafariji waliofiwa.

Mwaka mmoja alifika mezani kwangu mzee mmoja, bado amevaa sare ya kazi ya usiku. Alizitazama shanga kwa muda, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha Kongo, polepole, "Dada, ya mtoto ni ipi?"

"Ni hii nyeupe, baba. Pole sana."

Akachukua mmoja, akasita, akaomba wa pili. Mkewe alikuwa ndani ya gari, hakutaka kushuka. Sikumuuliza zaidi. Matembezi yalipoanza niliwaona wote wawili nyuma ya msafara, wamevaa mikufu yao. Kando yao alikuwa mama mmoja Mmarekani mwenye shanga nyeupe vilevile. Hawakuelewana lugha, ila walitembea pamoja mpaka mwisho.

Kuna wanaouliza: kutembea kunamponya nani? Swali ni la haki. Maradhi kama sonona yanahitaji tiba, dawa pale inapobidi, na mshauri nasaha. Hakuna mwendo wa asubuhi moja unaoweza kuchukua nafasi ya hayo. Lakini tiba humfikia tu anayethubutu kusema anaumwa, na huko kuthubutu ndiko aibu inakokuzuia. Mtu mwenye shanga za kijani akipita mbele ya umati akapigiwa makofi, kijana anayetazama pembeni anajua kwamba yaliyomo kichwani mwake yamewahi kumkuta mwingine, na huyo mwingine yu hai.

Aibu hii imekuwa na nguvu hata ya sheria. Wakoloni Waingereza walituachia kanuni inayomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Uingereza yenyewe iliifuta mwaka 1961. Kenya tuliendelea nayo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo, mtu aliyeokolewa angeweza kutoka kitandani hospitalini akaingia mahabusu. Nani angejitokeza kuomba msaada kwa hali hiyo? Nafurahi kwamba mahakama imetenda haki. Tanzania nayo bado ina kifungu cha aina hiyo, na wakati wa kukiondoa umefika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hiki ni chanzo cha tatu cha vifo.

Kwenye mafunzo tunayopewa sisi wa kujitolea, jambo la kwanza ni kuuliza waziwazi. Wengi huogopa kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua utakuwa umemtia wazo hilo. Utafiti umeonyesha kuwa sivyo, na mara nyingi swali humpa nafuu. Muulize faraghani, kwa upole, bila kuzunguka: "Ndugu yangu, umewahi kuwaza kujitoa uhai?" Kisha nyamaza umsikilize. Usimhubirie wala kumlinganisha na wenye shida kubwa zaidi. Usimwache peke yake akiwa katika hatari, mwondolee vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na umsindikize kwa mhudumu wa afya.

Jambo la mwisho, ambalo wengi tunalisahau, ni kurudi kumjulia hali. Daktari Jerome Motto wa San Francisco alilipima jambo hili tangu mwaka 1969. Aliwachukua wagonjwa waliotoka hospitalini na kukataa kuendelea na matibabu, akawatumia baadhi yao barua fupi za kuwajulia hali, bila kuwadai chochote. Katika miaka miwili ya mwanzo, waliopata barua walijiua kwa uchache kuliko wenzao ambao hawakuandikiwa. Leo huhitaji hata stempu. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: "Habari za leo? Nimekukumbuka."

Hatuhitaji kusubiri shirika la Marekani lije kutuandalia matembezi. Septemba 10 ni siku ya dunia ya kuzuia kujiua. Msikiti, kanisa, chama cha akina mama, timu ya mpira ya mtaa, kila mmoja anaweza kuchagua njia ya kutembea, kumwalika muuguzi wa zahanati ya karibu azungumze, na kuwapa waliofiwa nafasi ya kuwataja wapendwa wao kwa majina. Michango ikipatikana, imsaidie mgonjwa mmoja kununua dawa au kulipa nauli ya kliniki. Huo ni mwanzo mzuri.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umechoka na maisha, mwambie mtu mmoja leo. Ukiwa Kenya, piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Ukiwa Marekani, piga 988 saa yoyote, na unaweza kuomba mkalimani. Ukiwa kwingine, nenda kituo cha afya kilicho karibu au mwamshe jirani. Tafadhali usingoje kesho.