Fahamu: Msumeno wa petroli unakula mbao ngapi Kwale?

Marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018, ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, ilituzoesha kuhesabu miti inayoanguka. Ni nadra kuhesabu mbao zinazotoka kwenye gogo. Katika mashamba ya Msambweni, mwembe au mvule unaweza kupasuliwa palepale ulipoanguka, kwa msumeno wa petroli. Mnyororo wake hula karibu milimita 10 kila unapopita. Msumeno wa utepe wa kiwandani hula 2 au 3 tu. Pasua mara nne kwa mnyororo, na milimita 40 zimegeuka unga: zaidi ya ubao mmoja wa inchi moja, na hapo mkono bado haujayumba. Pengo hilo huzibwa kwa kuangusha mti mwingine.

Watetezi wa msumeno wa petroli husema, na si uongo, kwamba hubebwa begani, hauhitaji barabara, wala haushindilii udongo kama trekta linaloburuta magogo. Karibu na Shimba Hills, ambako chemchemi za Marere hupeleka maji hadi Mombasa, hoja hiyo ni nzito: udongo ulioshindiliwa haunywi mvua. Lakini trekta likipita njia moja tu, tena wakati wa kiangazi, madhara hubaki kwenye njia hiyo. Msumeno wa petroli uangushe mti na kuukata vipande. Kupasua kuachiwe kiwanda. Nauli ya lori itauma, ndiyo, hasa kwa mwenye gogo moja. Majirani wakikusanya magogo yao, lori hujaa kwa safari moja.