Programu zikipandishwa matoleo, Kiswahili kisiachwe nyuma

Kuna maneno mawili ya Kiingereza ambayo wanafunzi wangu huyatumia kana kwamba ni pacha: "update" na "upgrade". Ukiwauliza Kiswahili chake, wengi hutoa neno moja, kusasisha, na wakiona umekunja uso huongeza kuboresha. Mkanganyiko huu ungekuwa mdogo lau ungekomea darasani. Lakini kwa anayetumia mfumo wa tarakilishi wa Debian, au ule wa Ubuntu uliochipuka kutoka kwake mwaka 2004, hizo ni amri mbili zenye kazi mbalimbali, na anayezichanganya aweza kukaa miezi mingi na programu zenye nyufa huku akiamini ameziziba.

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mnamo Agosti 1993. Msimbo wake u wazi: yeyote ana ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Programu zake husambazwa kama vifurushi, na katika toleo la 12, lililotoka Juni 2023, vifurushi hivyo vilizidi 60,000. Hukaa katika maghala ya mtandaoni ambayo orodha zake hutiwa sahihi ili mlaghai asipenyeze bidhaa zake. Mtu anapoandika "apt update", hakuna programu hata moja inayobadilika. Anachopata ni orodha mpya ya vilivyomo ghalani, basi. Ni mfano wa mwenye duka aliyeletewa karatasi ya bei za jumla: amejua kilichopo, ila rafu zake zi vile vile. Amri ya "apt upgrade" ndiyo iletayo bidhaa yenyewe, nayo haiondoi kifurushi chochote kilichokwisha kuwekwa. Ipo pia ya tatu, "apt full-upgrade", ambayo yaweza kuondoa kifurushi kinachozuia vingine kupita; mwenye kuitumia sharti asome anachoulizwa kabla ya kuitikia ndiyo.

Sasa turudi kwenye neno kuboresha, ambalo mimi silipendi hapa. Kitenzi hiki kinatoa hukumu mapema: kinadai kwamba kijacho ni bora kuliko kilichopo. Je, ni kweli daima? Mnamo Aprili 7, 2014, ulimwengu ulitangaziwa dosari iliyoitwa Heartbleed katika programu ya OpenSSL, inayolinda siri za mawasiliano mtandaoni. Dosari hiyo iliingia na toleo la 1.0.1 la Machi 2012. Waliokuwa wangali wanatumia toleo kuukuu la 0.9.8 hawakuguswa nayo! Waliopanda ndio waliodhurika, na dawa yao ikawa kupanda tena. Debian ilitoa kifurushi kilichorekebishwa siku iyo hiyo, bila kuhamia toleo jipya la OpenSSL. Ilishona kiraka juu ya toleo lililokuwapo.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuseme kusasisha orodha kwa amri ya kwanza, na kupandisha toleo kwa ya pili. Kiraka tunalo tayari, tena fundi cherehani yeyote wa Gikomba anakielewa. Neno kupandisha halimwahidi mtu neema; linamwambia tu kwamba nambari imekwenda juu.

Hata hivyo, istilahi ni sehemu nyepesi. Uzito uko katika ujumbe ambao programu humwandikia mtumiaji. APT ikimaliza hesabu yake huarifu kwa Kiingereza idadi iliyopandishwa na idadi iliyowekwa upya, pasipo kutaja nomino. Kiingereza huvumilia ufupi huo, kwa kuwa kitenzi chake hakijali kama ni kimoja au ni kumi. Kiswahili hakivumilii. Kifurushi 1 kimepandishwa. Vifurushi 10 vimepandishwa. Mtafsiri aliyepewa sentensi moja tu, na pengo la kujazwa nambari, hujikuta akiandika "1 vimepandishwa", na msomaji akacheka. Njia ya kujinasua ni kuupindua muundo: "Idadi ya vifurushi vilivyopandishwa: 1". Uamuzi wa namna hii hautolewi na mhandisi. Unamhitaji mtu aliyesomea ngeli na upatanisho wa kisarufi.

Na mtu huyo hatakiwi mara moja tu. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini programu huria hazikai kitako. Mwaka 2010 kundi kubwa la wajenzi wa OpenOffice lilijitenga likaanzisha LibreOffice, na menyu na jumbe zikaendelea kuongezeka na kubadilika.

Utaratibu uitwao gettext, unaotumiwa na APT na programu nyingine nyingi, hulinganisha kila tafsiri na sentensi yake asilia. Sentensi hiyo ikibadilishwa, hata kwa herufi moja, tafsiri yake hutiwa alama ya shaka na kwa kawaida haionyeshwi tena hadi mtu aikague. Mahali pake hurudi Kiingereza. Kwa hiyo kila toleo likipandishwa pasipo mtu wa kukagua, Kiswahili humomonyoka kidogo kidogo, mpaka mtumiaji abaki na skrini ya chotara: kichwa cha Kiswahili, kiwiliwili cha Kiingereza.

Idara zetu za Kiswahili hutoa wahitimu kila mwaka, na wengi wao wamekwisha kuandika tasnifu kuhusu nadharia za tafsiri. Ni wangapi wamewahi kufungua faili moja ya tafsiri ya programu? Kazi hii haihitaji fedha za wafadhili, maana faili zi wazi kwa yeyote. Debian hutoa toleo kuu takriban kila baada ya miaka miwili, muda unaotosha kwa darasa moja kukagua jumbe za APT tangu mwanzo hadi mwisho. Ningefurahi kuona idara moja ikiipa kazi hiyo alama za mtihani, na walimu wa shule za upili wakiwapa wanafunzi wao jumbe kumi kumi za kujadili. Wangeanza na ile ya vifurushi.