Mpaka wa Mitandao Miwili: Ruta ya Waya katika Ofisi Ndogo

Mwanjelwa ni eneo la biashara katika jiji la Mbeya, na ni vigumu kupita huko bila kuona ofisi ndogo ambazo kazi yake ni kuchapa barua, kutoa nakala na kujaza fomu za wananchi kwa kompyuta. Si miaka mingi iliyopita, mwandishi wa makala hii aliitwa na mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa anaendesha ofisi ya namna hiyo karibu na soko. Ulikuwa msimu ambao vijana waliomaliza kidato cha sita hupeleka maombi yao kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Maombi hayo siku hizi hupelekwa kwa njia ya mtandao, nayo yana siku ya mwisho.

Benchi lilikuwa limejaa vijana na wazazi wao. Kati ya kompyuta saba zilizokuwapo, nne zilifungua kurasa za Bodi bila tabu, na tatu hazikufungua chochote. La kushangaza ni kwamba kesho yake asubuhi baadhi ya zile zilizokuwa nzima ziligoma, na baadhi ya zile zilizogoma zikapona. Mwenye ofisi alikwisha kumlalamikia aliyemletea huduma ya intaneti, alikwisha kumlipa fundi abadilishe waya zote, na bado ugonjwa ulikuwa palepale. Siku ya mwisho ya maombi ilikuwa imebaki wiki moja.

Ili kuufahamu ugonjwa huo, hatuna budi kwanza kufahamu kile kisanduku kidogo chenye taa zinazomeremeta, ambacho aghalabu huwekwa juu ya kabati na kusahauliwa.

Kilichomo ndani ya kisanduku

Ruta ni kifaa cha kupanga njia. Husimama katika mpaka wa mitandao miwili: upande mmoja ni mtandao wa ofisi, na upande wa pili ni mtandao wa mtoa huduma, ambao nao umeunganishwa na dunia nzima. Kwa sababu hiyo ruta ina tundu moja la nje, ambalo mara nyingi hupewa rangi ya peke yake, na matundu kadhaa ya ndani, kwa kawaida manne. Msomaji atafanya vyema kuitazama tofauti hii kwa makini, kwani ndiyo chanzo cha kisa chetu.

Ujumbe wowote unaopita humo, uwe barua au picha, hukatwa kwanza vipande vidogo. Kila kipande, ambacho kwa kawaida hakizidi baiti 1500, hubandikwa anwani ya mpelekaji na ya mpokeaji, kisha husafiri peke yake. Wahandisi huviita vipande hivyo vifurushi, nasi tutaviita hivyo, ila msomaji asivichanganye na vifurushi vinavyouzwa na makampuni ya simu.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba katika kisanduku kimoja cha dukani mna vyombo vitatu au vinne vilivyofungwa pamoja. Mna kipanga-njia chenyewe. Mna swichi, ambayo kazi yake ni kupitisha vifurushi baina ya matundu ya ndani bila kujali habari za nje. Mna kigawa anwani, na tutakieleza baadaye. Tena mara nyingi mna redio ya mtandao usiotumia waya, ambayo hatutaizungumzia hapa. Kwa kompyuta zilizokaa mahali pamoja kutwa nzima, maoni ya mwandishi ni kwamba waya bado haujapata mshindani.

Waya na sababu ya kusokotwa

Mtandao wa waya tunaoutumia maofisini huitwa Ethaneti. Ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California. Waya wa wakati ule ulikuwa mnene na mgumu. Wa leo una nyuzi nane nyembamba, zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne.

Kwa nini zisokotwe? Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba mkondo geu unaopita katika waya mmoja huzusha volti ndogo katika waya ulio jirani. Basi nyaya za taa, mota ya feni, au mashine ya kuchomelea vyuma iliyo nyumba ya pili, zote huutia kelele waya wa mtandao. Nyuzi mbili zikisokotwa, kila moja hukaribia chanzo cha kelele kwa zamu, na hivyo zote mbili hupokea kelele karibu sawa. Kifaa cha upande wa pili hakisomi volti ya uzi mmoja; husoma tofauti baina ya nyuzi mbili. Kelele iliyo sawa katika nyuzi zote mbili hutoweka katika kutoa, na ujumbe hubaki. Alexander Graham Bell aliipatia njia hii hataza mwaka 1881 kwa ajili ya nyaya za simu, nasi tunaitumia hadi leo.

Hapa ndipo mafundi wetu wengine hukosea. Katika kufunga plagi ya mwisho wa waya, kanuni inayotumika sana hupanga nyuzi hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tazama kwamba jozi ya kijani imetenganishwa. Uzi mmoja uko nafasi ya tatu na mwenzake nafasi ya sita. Fundi asiyejua sababu huona mpangilio huu ni wa ovyo, akazipanga rangi kwa jozi moja baada ya nyingine, mradi ncha zote mbili zilingane. Kipimo chake cha taa humwonyesha kwamba nyuzi zote nane zinapitisha umeme, naye huondoka ameridhika. Lakini nafasi ya tatu na ya sita sasa zinatumia nyuzi za jozi mbili tofauti, ambazo hazikusokotwa pamoja. Kelele haifutiki tena, na mwendo wa mtandao hushuka au hukatikakatika. Umeme unapita, habari hazipiti.

Waya mzuri wa aina ya 5e hupitisha biti bilioni moja kwa sekunde kwa umbali usiozidi mita 100. Unaponunua, kwaruza ncha ya uzi mmoja kwa wembe. Kama ndani ni nyeupe, uzi huo ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika upesi na ukinzani wake ni mkubwa.

Neno moja kuhusu radi. Katika Nyanda za Juu Kusini mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili au Mei, na mvua hizo huja na radi. Matundu ya Ethaneti yametengwa na mitambo ya ndani kwa transfoma ndogo, zinazotakiwa kustahimili volti 1500. Radi ikipiga jirani, huweza kuzusha volti zinazopita kiasi hicho katika waya mrefu, hata kama haikuugusa. Kwa hiyo waya wa shaba usivutwe nje kutoka jengo hadi jengo. Hapo utumike uzi wa kioo, ambao haupitishi umeme. Na wingu likianza kunguruma, haitoshi kuchomoa plagi ya umeme peke yake, kwani waya wa mtandao nao ni njia. Uchomolewe pia, mapema, kabla radi haijakaribia.

Umeme wa gridi ukikatika, ofisi haina haja ya jenereta kwa ajili ya ruta tu. Ruta nyingi ndogo hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu. Ikiwa yako huvuta wati 12, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina nishati ya wati-saa 84, yaani saa saba kwa hesabu. Kwa kweli utapata pungufu ya hapo, kwa kuwa betri za risasi na asidi huharibika zikinyonywa hadi mwisho. Tena volti za betri hupanda na kushuka, kwa hiyo pawepo kidhibiti volti katikati.

Anwani na mtaa

Sasa tuje kwenye kiini. Kila kompyuta mtandaoni ina anwani ya biti 32, ambayo kwa urahisi huandikwa kama namba nne, kwa mfano 192.168.1.23. Kila namba huwakilisha biti nane, kwa hiyo haiwezi kuzidi 255. Pamoja na anwani, kompyuta hupewa namba nyingine iitwayo barakoa, kwa kawaida 255.255.255.0. Kazi ya barakoa ni kuionyesha kompyuta ni sehemu gani ya anwani iliyo jina la mtaa, na ni sehemu gani iliyo namba ya nyumba.

Hesabu yake inaweza kufanywa ubaoni na kidato chochote. Andika anwani na barakoa kwa mfumo wa namba wa kizio cha mbili, kisha zidisha tarakimu kwa tarakimu: moja mara moja ni moja, na mengineyo yote ni sifuri. Kwa kuwa 255 ni 11111111, namba tatu za mwanzo hupita kama zilivyo. Kwa kuwa 0 ni 00000000, namba ya nne hufutika. Basi 192.168.1.23 hutoa 192.168.1.0, na huo ndio mtaa.

Kompyuta hufanya hesabu hiyo kabla ya kutuma chochote. Mpokeaji akiwa wa mtaa uleule, kifurushi hupelekwa kwake moja kwa moja kupitia swichi. Mpokeaji akiwa wa mtaa mwingine, kifurushi hupelekwa langoni, yaani kwa ruta, ambayo kwa mfano wetu ina anwani 192.168.1.1. Kompyuta haijui njia ya kwenda Dar es Salaam wala Ulaya. Inajua lango tu.

Anwani za biti 32 ni 4,294,967,296, wakati watu duniani sasa wanapita bilioni nane. Kwa sababu ya uhaba huo, mafungu machache ya anwani yalitengwa kwa matumizi ya ndani, na kila ofisi inaweza kuyatumia bila kuomba ruhusa. Fungu la 192.168 ni mojawapo, ndiyo maana utalikuta Mwanjelwa, Iringa na Nairobi kwa wakati mmoja. Kifurushi kinapotoka, ruta hufuta anwani ya ndani, huandika ya kwake ya nje, na kuweka kumbukumbu katika jedwali ili jibu likirudi ijue ni la nani.

Na anwani za ndani hugawiwa na nani? Kompyuta inapowashwa haina anwani, wala haijui pa kuuliza. Hivyo hupiga kelele kwa wote waliomo katika waya: nani atanipa anwani? Kigawa anwani husikia na kujibu: chukua 192.168.1.23, barakoa ni hii, lango ni hili, na ukodi wako ni wa saa 24. Kwa kawaida kompyuta huridhika na jibu la kwanza kufika, wala haina njia ya kujua kama aliyejibu ni mwenye nyumba au mpita njia.

Ugonjwa wa ofisi ile

Ofisi ilipoongeza kompyuta kutoka tatu hadi saba, matundu manne ya ruta hayakutosha. Mwenyewe alinunua ruta nyingine iliyokwisha kutumika, akachomeka waya kutoka ruta ya kwanza kwenda tundu la ndani la ruta ya pili, na matundu yakapatikana. Aliitumia kama swichi, na swichi kweli imo ndani yake. Alichosahau ni kwamba kigawa anwani nacho kimo, na kilikuwa macho.

Kila asubuhi, basi, kelele za kompyuta zilijibiwa na wagawaji wawili. Ruta ya kwanza iligawa anwani za 192.168.1 na kujitaja kuwa lango. Ya pili iligawa anwani za 192.168.0, nayo ikajitaja kuwa lango. Kompyuta iliyojibiwa kwanza na ya pili ilipeleka vifurushi vyake vyote kwa 192.168.0.1, na ruta hiyo, tundu lake la nje likiwa tupu, haikuwa na pa kuvipeleka. Tena haikuweza hata kuchapa: printa ilikuwa 192.168.1.40, na ukifanya ile hesabu ya barakoa utaona kwamba wawili hao ni wa mitaa miwili, ingawa wanatazamana katika waya mmoja.

Tuligundua hayo kwa dakika chache, kwa kuandika kwenye karatasi anwani ya kila kompyuta. Nne zilianza na 192.168.1, tatu na 192.168.0. Waya mpya alizolipia hazikuwa na kosa lolote, wala za zamani.

Tiba ilikuwa hivi. Tuliichomoa ruta ya pili kutoka kwenye mtandao, tukaiunganisha na kompyuta moja tu, tukaufungua ukurasa wake wa mipangilio. Tulikizima kigawa anwani chake, tukaipa anwani 192.168.1.2, iliyo nje ya fungu ambalo ruta ya kwanza hugawa, kisha tukairudisha mahali pake, waya ukiwa katika tundu la ndani kama mwanzo na tundu la nje likizibwa kwa utepe ili mtu asije akakosea. Printa tuliipa anwani ya kudumu. Maneno ya siri ya kiwandani, yaliyobandikwa chini ya visanduku vyote viwili kwa kila mteja kuyasoma, tuliyabadilisha. Kama bajeti ingeruhusu tungenunua swichi halisi, ambayo bei yake si kubwa, lakini siku ile pesa zilikwisha kwenda kwa fundi wa waya.

Kompyuta sita zilipona palepale zilipowashwa upya. Ya saba, iliyokuwa pembeni na ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, iliendelea kuishikilia anwani yake ya 192.168.0 kwa kuwa ukodi wake wa saa 24 ulikuwa haujaisha. Kijana aliyekuwa ameketi mbele yake na vyeti vyake mkononi ndiye aliyeuliza kama naye aizime na kuiwasha.