Mafuta mazito: Kuyapata ni kazi, kuyatoa je?

Beba chupa ya mafuta ya nazi kutoka Malindi hadi Limuru mwezi wa Julai. Asubuhi utayakuta yameganda, unayachokora kwa kijiti. Mafuta ni yaleyale, baridi tu ndiyo imeyabadilisha. Ya Turkana pia yana nta na hugandaganda yakipoa, ndiyo maana malori yaliyoyaleta Mombasa kuanzia 2018 yalikuwa na matangi ya kuhifadhi joto.

Lakini hayo yana afadhali. Kuna mafuta mazito kama lami, na yakiwa ndani ya mwamba wenye nyufa, utatoa jasho. Yafikirie mawe ya chokaa ya kule Kambe, yenye nyufa na mapango. Kwenye mwamba wa aina hiyo, mafuta mengi hayakai ufani. Hujificha katika vitundu vidogo vya jiwe lenyewe. Ukisukuma maji, yanapita ufani fyuu, yanatokea upande wa pili, na mafuta yamelala palepale!

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walikuja na ujanja. Kwanza mvuke unapasha jiwe moto, mafuta yanalegea. Kisha kinaingia kiyeyushi, yaani kitu kinachofanya kazi kama tapentaini kwenye rangi. Kinaweza kuwa propani au butani, gesi zilezile za mtungi wako wa jikoni. Kinapenya jiweni, kinachanganyika na mafuta, na mchanganyiko unateremka wenyewe hadi kisimani. Joto lipimwe vizuri: likizidi mno, kiyeyushi hakiingii vya kutosha ndani ya mafuta. Mwisho, mvuke tena, ili kiyeyushi kilichobaki kirudi juu.

Hapo pa mwisho ndipo penye hela. Unajua bei ya kujaza mtungi mmoja. Sasa piga hesabu ya kuumwaga ardhini usirudi.

Kilifi haina kisima kinachotoa mafuta. Mwaka 2012 kampuni ya Apache ilichimba kisima cha Mbawa baharini, upande huu wa Pwani, ikapata gesi, ila haikutosha kibiashara. Hata hivyo wachimbaji hurudi, na ramani zao na ahadi za ajira. Wakija, usiulize tu kazi ni ngapi. Uliza mafuta ni mazito au mepesi, na jiwe ni la aina gani. Mvuke hunywa maji mengi matamu, na bomba za Malindi, Kilifi hadi Mombasa zinategemea visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki. Kiyeyushi hupunguza mahitaji hayo, lakini kina gharama yake. Je, kampuni itachagua kipi, na maji itayatoa wapi?